Dereva wa Magari Yasiyowaka

Wapo watu wanaojua kuendesha magari, na yupo Shikilia, ambaye kwa miaka ishirini na minne ameendesha magari yaliyokufa tu. Usicheke. Gari bovu likivutwa kwa kamba linahitaji mtu ndani yake wa kushika usukani na kukanyaga breki, maana kamba inajua kuvuta, haijui kusimamisha. Mtu huyo ndiye Shikilia. Ameshaendesha mabasi yasiyo na injini, teksi zisizo na milango, na safari moja trekta lisilo na kiti, kilomita themanini amekalia ndoo iliyopinduliwa. Gari linalowaka hajui kuliendesha. Alijaribu mara moja, uani kwa jirani, mlio wa injini ukamvuruga akili, akaenda kuangusha ukuta wa banda la kuku. Tangu siku hiyo alikula kiapo kwamba vyenye kunguruma wapewe wengine.

Aliyekaa mbele, kwenye pikapu inayovuta, ni mkewe. Leseni ni ya mkewe, pikapu ni ya wote wawili, na hata jina la Shikilia lilitoka kinywani mwa mkewe. Wiki yao ya kwanza kazini, kwenye mteremko wa kuingia sokoni, mama huyu alitoa kichwa dirishani akapiga kelele "Shikilia! Shikilia!" mpaka wauza viatu wakaacha biashara kutazama. Waliosikia wakalibeba jina, wakalifikisha mtaani kabla hata gari halijafika. Nyumbani wenyewe wanaitana Baba Mapacha na Mama Mapacha, kwa ajili ya mabinti wawili ambao sasa wameolewa, na ambao kila wakipiga simu wanamwambia mama yao apumzike.

Ukifanya hesabu, hakuna mume na mke walioshinda pamoja kama hawa wawili, na hakuna walioshinda wametengana kama wao. Asubuhi mpaka jioni, kati yao kuna kamba ya mita nne. Gari lililokufa halina honi, kwa hiyo Shikilia huongea kwa filimbi ya refa iliyoning'inia shingoni. Mlio mmoja, punguza mwendo. Miwili, simama. Mitatu, pancha. Minne ni ya kulalamika tu, na mkewe anayo majibu yake: hutoa mkono dirishani na kuupunga taratibu, kama anayefukuza nzi. Wamegombana hivyo na kupatana hivyo, na kazi yao imekuwa na sifa njema, maana hawajawahi kugonga hata baiskeli.

Sasa basi, shemeji yake Shikilia, yaani mdogo wa mkewe, alikuwa na lori la kubebea magari. Si lori la mchezo. Kitanda chake cha chuma kinainama mpaka chini, winchi inavuta gari lililokufa likapanda lenyewe kama mgonjwa anayesaidiwa kupanda kitanda, halafu mikanda minne inakazwa, safari inaanza. Shemeji alikuwa anaacha kazi hiyo na akamwambia dada yake alichukue, wabadilishane na pikapu, lakini apewe jibu mapema kwa kuwa yupo mtu mwingine anayelitaka.

Mama Mapacha aliitoa habari hiyo jikoni, akiwa anakausha vikombe.

"Ananiachia lori nijaribu kwa safari moja. Ile ya gari la Mama Mkunga. Tukifika nampigia simu, ndiyo au hapana."

"Na mimi nitakuwa nafanya nini humo?" Shikilia akauliza.

"Utakaa."

"Nitakaa tu?"

"Utakaa mbele na mimi, kama watu."

Shikilia alichukua kikombe kilichokwisha kukaushwa akakikausha tena. Aliumia, na tusizunguke mbuyu, aliumia sana. Mtu ana miaka hamsini na sita, kitu kimoja tu duniani anakijua kuliko wengine wote, halafu anaambiwa kwamba kitu hicho sasa kitafanywa na winchi. Gari likibebwa halihitaji dereva. Atakuwa anachukuliwa na mkewe kwenda kazini kama mtoto ambaye shule imefungwa. Usiku ule alilala akiliombea lori la watu mabaya, halafu akaona aibu, halafu akaliombea tena.

Gari la Mama Mkunga lilikuwa gari hasa. Mviringo, rangi ya maziwa, usukani mwembamba mkubwa kama sinia, na lilizaliwa kabla Shikilia hajaota meno. Mkunga huyo mstaafu alilitumia kwenda kuzalisha wanawake wa pande zote nne za mji, mpaka siku injini ilipogoma, na tangu hapo ni miaka kumi na tisa limekaa chini ya bati nyuma ya nyumba, limefunikwa mashuka ya hospitali. Mdogo wake wa kiume, fundi wa zamani, alikuwa anaishi kilomita mia nne na ushei kutoka hapo. Alikuwa amesema lifikishwe kwake likiwa zima viungo, atalifufua.

"Shikamoo, mama," wote wawili walimsalimu.

"Marahaba, wanangu. Mlibebe polepole. Na mkamwambie mdogo wangu asije akalipaka rangi nyekundu. Namjua yule."

Siku moja kabla ya safari Shikilia alishinda chini ya gari hilo. Alibadilisha mafuta ya breki, akafungua ngoma za breki zote nne, akasugua kutu, akakaza waya wa hendibreki mpaka ikashika vizuri. Mkewe alipomletea chai alisimama akamtazama miguu, maana ndiyo pekee iliyokuwa inaonekana.

"Baba Mapacha, gari linapanda lori. Breki za nini?"

"Gari lisilo na breki mimi siligusi," miguu ikajibu.

Alfajiri walilipandisha. Winchi ilinguruma, kamba ya chuma ikajikaza, na lile gari la maziwa likapanda bila kuguswa na mtu. Shikilia alisimama pembeni mikono yake hajui aiweke wapi. Mama Mapacha akafanya kila kitu kama mdogo wake alivyomfundisha, na alifanya kwa sauti ili asisahau: gia namba moja, ndiyo, hendibreki juu, ndiyo, mikanda miwili ya mbele kwenye ekseli, ndiyo, miwili ya nyuma, ndiyo. Akafungua mlango wa lori, akageuka, akamkuta mumewe anapanda kule juu.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Baba Mapacha! Hilo gari limefungwa!"

"Nitaliangalia. Likitikisika nani atajua?"

Mama Mapacha aliangalia saa, akaangalia mbingu, akaona akibishana na mtu huyu jua litawakuta hapohapo. Akaingia mbele akawasha lori. Na kule juu, ndani ya gari, Shikilia alikaa vizuri kitini, akavuta pumzi, na mkono wake ukafanya kile ambacho umekifanya kila asubuhi kwa miaka ishirini na minne kabla ya kamba kukaza: ukatoa gia ukaiweka nyutro, ukashusha hendibreki. Alifanya hivyo kama wewe unavyofunga mlango wa nyumba yako halafu ukifika kituoni hukumbuki kama ulifunga. Gari zima sasa lilikuwa limeachiwa mikanda minne, na dereva wake alikuwa anajisikia vizuri.

Raha aliyoipata saa tatu za kwanza usimwulize, atakueleza mpaka uchoke. Alikuwa juu ya dunia. Aliona ndani ya kuta za watu, aliona nguo zilizoanikwa juu ya mapaa, aliona vipara vya madereva wengine. Kona ikija, alizungusha usukani kidogo, kwa heshima tu. Mteremko ukija, aligusa breki. Wakipita vituo vya mabasi abiria walimwonyesha vidole wakicheka, naye akawapungia mkono kama kiongozi wa nchi. Kila akimaliza kona bila ajali alijipongeza. Kama kazi ni hii, aliwaza, basi lori si baya. Halafu akakumbuka kwamba hii si kazi, na kwamba gari lingefika vilevile hata kama angekuwa nyumbani amelala, na raha ikamtoka.

Ndipo ulipoanza mlima.

Mlima huo una kilomita tisa, na barabara imejikunja ubavuni mwake. Lori likashusha gia, pua ikaelekea juu, na Shikilia akajikuta mgongo umelala kitini. Kwenye kona ya pili akasikia mlio mbele yake, tak, kama mtu aliyevunja kijiti. Meno ya kukazia mkanda wa mbele kulia yalikuwa yameachia. Gari likarudi nyuma, shubiri moja, likadakwa na mkanda wa mbele kushoto kwa kishindo kilichomtingisha meno.

Mguu wake ulishakanyaga breki kabla akili haijaelewa. Mkono ukaenda kwenye hendibreki kuivuta, ukaikuta imelala chini. Hapo ndipo alipokumbuka. Akaivuta mpaka mwisho, akasukuma gia ikaingia namba moja, na miguu yote miwili akaiweka juu ya breki.

Filimbi ilikuwa tayari mdomoni. Milio miwili na mkewe angesimama, hilo alilijua kama anavyojua kwamba kesho kutakucha. Lakini akasimame wapi? Kwenye mwinuko ule, lori likisimama lingeshtuka, na kuondoka lingeshtuka tena, na mkanda uliobaki mbele ulikuwa mmoja. Nyuma yao kulikuwa na basi limejaa watu. Shikilia akatema filimbi. Akakanyaga. Akashikilia, kilomita saba zilizobaki, mpaka mapaja yakaanza kucheza yenyewe, na njia nzima aliongea na breki za mkunga kwa majina mazuri ambayo hajawahi kumwita mtu yeyote, mkewe akiwemo.

Juu kileleni, penye uwanja wa malori, Mama Mapacha alisimama kukagua. Aliuona mkanda umelegea. Aliona michirizi ya tairi kwenye chuma, shubiri nzima. Akainua macho akamwona mumewe ndani, kalowa jasho, miguu bado imekaza.

"Shuka," akasema. "Shuka hapo, Baba Mapacha. Shuka."

Alipanda yeye mwenyewe akachungulia ndani. Hendibreki juu. Gia namba moja. Kila kitu kama alivyokiacha asubuhi.

"Nilifunga kila kitu," alisema. "Gia niliweka, hendibreki niliweka. Na bado limerudi. Hili lori halifai! Mdogo wangu ananipa lori la kuua watu!"

Shikilia alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa palepale kwenye ncha ya ulimi. Lakini masikio yake yalishasikia yale maneno matatu, hili lori halifai, na yalikuwa matamu. Hakuwa amesema uongo wowote. Alikuwa hajasema kitu. Akafunga mdomo, akamsaidia mkewe kukaza mkanda upya, akapitisha na kamba ya winchi juu yake, akajisemea moyoni kwamba mambo mengine hujipanga yenyewe.

Hakupanda tena juu, lakini si kwa hiari yake. Alikuwa ameshakanyaga ngazi ya kitanda askari wa barabarani alipowafikia.

"Habari za safari?"

"Nzuri, afande," Mama Mapacha alijibu.

Afande akamtazama Shikilia aliyekuwa ananing'inia. "Nimepigiwa simu kuna mtu anaendesha gari juu ya lori. Ni huyu? Mzigo au abiria?"

"Ni mazoea, afande," Mama Mapacha akasema.

Afande alijitahidi asicheke, akashindwa. "Basi mazoea yakae mbele. Na yafunge mkanda."

Kwa hiyo Shikilia alikaa mbele. Kiti kilikuwa bado kimevaa nailoni ya dukani, kikawa kinalia kila akijisogeza. Palikuwa na chupa ya chai, mkate, na mayai ya kuchemsha yaliyomenywa tayari kwenye kibakuli, na mkewe akamsogezea. Alikula yai. Akala la pili. Halafu, kwa kuwa hakuwa na usukani wala breki wala filimbi, akamtazama mkewe.

Kwa miaka yote hiyo, barabarani alikuwa anaujua mgongo wake tu, na kitambaa cha kichwani. Hakuwa anajua kwamba akiendesha huuma mdomo wa chini. Na kuna kitu kingine. Kila baada ya muda mfupi, macho yake yalikuwa yanaruka kwenye kioo cha pembeni, yanakaa huko, yanarudi barabarani, yanaruka tena. Hakukuwa na gari nyuma yao.

"Unaangalia nini huko?"

"Wapi?"

"Kwenye kioo. Nyuma hakuna mtu."

"Ndiyo ninavyoendesha," Mama Mapacha alisema. "Miaka ishirini na minne naendesha mbele huku nakuangalia wewe nyuma. Wewe unafikiri naiona barabara? Barabara nimeiona robo. Nakuangalia kama umekaza mikono. Nakuangalia kama umesinzia. Mwaka ule wa daraja, uliinama ghafla nisikuone kabisa, nikasema basi, ameshakufa, nimeshavuta maiti ya mume wangu sijui tangu wapi. Kumbe filimbi imekudondoka unaitafuta."

"Hukuniambia."

"Nikuambie kwa nini? Ulikuwa unaipenda hiyo kazi." Akajifuta jicho kwa bega. "Nikalitaka hili lori ili ukae hapa. Upande huu. Nisikutafute. Lakini sasa nimeona leo, kama lingekumwaga mlimani na wewe ndani... Hapana. Nitamwambia hapana. Tutarudi kwenye kamba yetu, angalau kamba naijua."

Na macho yakaruka tena kwenye kioo.

Shikilia aliacha yai la tatu nusu. Alikuwa amepata kila alichokiomba: kamba yake, filimbi yake, kiti chake kwenye gari la nyuma mpaka magoti yatakapokataa. Gharama yake ingelipwa na macho ya mwanamke huyu. Zilikuwa zimebaki kilomita mia mbili, na alizimaliza zote akiutafuta mwanzo wa sentensi moja.

Walifika alasiri. Karakana ya yule fundi ilikuwa uani kwake, sakafu imefagiwa kwa ajili ya mgeni, na katikati amechora mstatili kwa chaki pa kuliweka gari. Mzee huyo alilizunguka mara mbili. Akaweka kiganja juu ya boneti. Akauliza dada yake hajambo, akaambiwa hajambo na anasema lisipakwe nyekundu, akacheka mpaka akakohoa, na kwenye rafu nyuma yake Shikilia aliliona debe la rangi nyekundu, jipya, halijafunguliwa.

Gari liliposhuka na kukaa ndani ya chaki zake, Mama Mapacha alisogea ukutani akatoa simu.

"Usipige," Shikilia alisema.

"Anasubiri jibu."

"Usipige kwanza. Lori halina kosa." Akapiga moyo konde. "Gia niliitoa mimi. Niliweka nyutro. Na hendibreki niliishusha mimi."

Mama Mapacha alishusha simu polepole. "Lini?"

"Kabla hatujatoka getini kwa Mama Mkunga. Mkono tu, Mama Mapacha. Mkono ulifanya, mimi sikuwepo. Mkanda ulibeba gari zima peke yake, ndiyo maana ukaachia. Kule mlimani nikavirudisha."

"Na kule juu? Niliposema lori halifai?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ulikatae."

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna inayotafuta kwanza pa kuanzia. Ya Mama Mapacha ilitafuta, ikapata. "Kilomita mia mbili! Kilomita mia mbili nalitukana lori la mdogo wangu, nalia mbele yako, na wewe umekaa hapo unakula mayai yangu!"

Fundi mzee aliingia ndani ya gari la dada yake akafunga mlango, akajifanya anakagua paa.

"Niliogopa kukaa bure," Shikilia alisema. "Bado naogopa. Lakini sitaki uendelee kuniangalia kwenye kioo. Sikujua. Kama ningejua ningekuwa nimeshashuka zamani."

Mkewe alimtazama uso kwa uso, muda mrefu, bila kioo. Alikuwa bado amekasirika, na angekuwa amekasirika mpaka kesho kutwa, haki yake. Akasema, "Kuanzia leo gia, hendibreki, na mikanda yote minne ni kazi yako. Ukisahau, utalala uani na hilo lori." Halafu akabonyeza namba, na kwa sababu masikio yake hayakuwa tena mazuri kutokana na miaka mingi ya kelele za injini, akaweka sauti ya nje.

"Enhee, dada," shemeji akaitikia. "Vipi lori? Lina kasoro?"

"Lori lako zima," alisema Mama Mapacha. "Mwenye kasoro ni mume wangu, na huyo simrudishi."